Neno la Dimbwi la Tatu

Mji wenyewe ulikuwa mdogo, umejibanza mlimani mahali ambapo hata saa sita mchana watu hutembea na sweta. Mto uliopita chini yake ulikuwa mwembamba, wa maji baridi na maangavu, yaliyoruka juu ya mawe kisha yakatulia katika madimbwi yenye kina. Ndani ya madimbwi hayo waliishi trauti, samaki wenye madoa mgongoni na hila kichwani. Samaki hao hawakunaswa kwa minyoo wala kwa donge la unga. Walitaka kudanganywa kistaarabu, na katika mji mzima hapakuwa na aliyejua kuwadanganya kumshinda fundi mmoja wa cherehani.

Watu walimwita Milimita. Jina hilo alilipata kwa haki, maana nguo iliyokatwa na mkasi wake haikuhitaji kujaribiwa mara mbili. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana, cherehani mbili, pasi nzito na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Kwenye pembe ya meza hiyo, kando ya chaki na sindano, palikaa kikopo cha vifaa vya uvuvi, navyo vilipangwa kwa nidhamu ileile ya vifungo na nyuzi.

Dada yake, kitinda mimba wa familia, alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya pale mjini. Walipishana miaka kumi na minne. Mama yao alipofariki dunia, binti yule alikuwa darasa la tano, na Milimita ndiye aliyemlea, akamshonea sare, akamsomesha hadi chuoni. Alikuwa kaka, alikuwa baba, na siku za kuumwa alikuwa mama pia. Alizoea kumwita "Kitinda", hata mbele ya wanafunzi wake, naye Mwalimu hukunja uso na kucheka kwa wakati mmoja.

Mapenzi yao makubwa yalikuwa mtoni. Mwalimu ndiye aliyeingia majini na kurusha mshipi. Milimita ndiye aliyefunga nyuzi. "Kurusha mtu yeyote atajifunza," fundi alipenda kusema. "Samaki anakamatwa mezani, siku moja kabla."

Alasiri moja ya Ijumaa, kesho yake yakiwa mashindano ya mwaka ya chama cha wavuvi, Mwalimu alitoka shuleni moja kwa moja hadi karakana. Alimkuta kaka yake ameinamia meza, kazi imepamba moto.

"Karibu, Kitinda. Shika hapa," alisema, akampa ncha ya mshipi. "Mshipi huu mnene, samaki akiuona atakimbia mpaka kwa babu yake. Ndiyo maana tunauwekea kigwe mbele."

Kigwe hicho kilikuwa uzi wa nailoni usioonekana majini. Milimita alikiunga kwa vipande vitatu, kila kimoja chembamba kuliko kilichotangulia, hadi cha mwisho kikawa kama unywele. Kwenye ncha alifunga tunutu wa bandia, kidudu cha manyoya na ushanga wa shaba kinachoficha ndoano, mfano wa wale wadudu wachanga wanaotambaa chini ya mawe kabla ya kuota mabawa. Juu yake kidogo alibana chubwi, kipande cha risasi kisichozidi punje ya mtama, ili kidudu kizame. Juu zaidi aliweka chelezo, kishada cha sufu ya rangi ya chungwa kilichopakwa mafuta ili kielee. Kazi ya chelezo ni kuonyesha kile ambacho jicho halikifikii. Samaki akigusa kidudu huko chini, chelezo husita kidogo tu, kama mtu aliyeitwa jina lake kwa mbali. Mvuvi asipoinua ufito wake wa kuvulia papo hapo, samaki ameshatema na kwenda zake.

"Maji ya mita moja, chelezo kinakaa wapi?" fundi aliuliza.

"Mita moja na nusu kutoka kwenye chubwi."

"Kumbe hesabu unazijua! Nilidhani wanakulipa kwa huruma."

Kila alipokaza fundo, Milimita alilipeleka mdomoni kwanza, akalilowesha kwa mate, kisha akalivuta polepole. "Nailoni ikivutwa kavu inajichoma," alisema kama alivyosema kila mwaka. "Fundo kavu ni rafiki mnafiki. Mezani linakuchekea, mtoni linakukimbia."

Hapo ndipo Mwalimu alipogundua jambo. Kaka yake hakuwa akitazama uzi. Uso wake ulielekea dirishani huku vidole vikifanya kazi peke yake. Alipotaka mkasi, mkono ulipita juu yake mara mbili kabla ya kuugusa.

"Kaka, macho yana nini?"

Milimita alikwenda kusukuma mlango ukafungika. "Mtoto wa jicho," alisema kwa sauti ya chini. "Yote mawili. La kulia limekaribia kufunga kabisa. Daktari anasema yanafanyiwa upasuaji na mtu anaona tena, ila nataka kwanza nimalize majoho ya kwaya. Arobaini, na nimeshakata thelathini."

"Unakataje na huoni?"

"Naona kivuli, naona mwanga. Wifi yako ananisomea tepu, mengine mikono inajua. Umeona joho lililokosewa?" Alimwonyesha moja lililotundikwa ukutani. Mshono wake ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula. "Ila Kitinda, mtu asijue. Fundi akishasemwa haoni, amekwisha. Nipe miezi miwili tu."

"Siri hii nitakufa nayo, Kaka," Mwalimu alisema, na wakati huo alimaanisha kila herufi.

Asubuhi ya mashindano ilianza kwa ukungu mwepesi. Kanuni zilikuwa rahisi. Washindani walikwenda wawiliwawili, mrushaji na mfungaji. Kila jozi ilipewa saa moja katika kila dimbwi, na madimbwi yalikuwa matatu. Samaki aliyenaswa alipimwa na mwamuzi, urefu ukaandikwa kwenye kadi, kisha akarudishwa majini. Jozi yenye jumla kubwa iliandikwa kwenye ubao wa washindi ukumbini. Mara tatu kaka na dada hao walikuwa wameshika nafasi ya pili, na mara tatu waliowashinda walikuwa mwenye duka la dawa na mkwewe.

Katika dimbwi la kwanza Mwalimu alinasa samaki wawili, katika la pili mmoja. Habari zilikuja kwamba mwenye duka la dawa ameshamaliza zamu zake zote na amewazidi kwa sentimita kumi na moja tu. Samaki mmoja wa wastani angetosha kugeuza mambo.

"Mimi naipeleka kadi kwa mwamuzi aweke sahihi," Milimita alisema. "Wewe tangulia." Akaondoka akiyapima mawe kwa fimbo yake, hatua moja baada ya nyingine. Waliomwona walidhani anaogopa utelezi tu.

Dimbwi la tatu lilikuwa chini ya daraja, nalo ndilo lililokuwa na kina kuliko yote. Mvua ya usiku ilikuwa imelijaza zaidi. Mwalimu alipolitazama alijua kigwe hakitafika chini, nao trauti wakubwa hawapandi kufuata chakula. Kumsubiri kaka yake kungemla dakika kumi. Basi akaamua. Alikata uzi wa mwisho juu ya chubwi, akaunga kipande kipya cha urefu wa mkono, akafunga tunutu, akabana chubwi, akasogeza chelezo. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Alilivuta fundo, likakaza, akaridhika. Milimita alipofika kando yake akiwa na wavu wa mpini, filimbi ilikuwa inalia, na Mwalimu hakupata hata nafasi ya kumwambia alichobadilisha. Au labda nafasi ilikuwepo, hakuona umuhimu.

Juu ya daraja watazamaji walikuwa wamejaa. Mwenye duka la dawa alikuwa pale, ameegemea chuma cha daraja na kikombe cha chai mkononi. Mkuu wa kwaya alikuwa pale pia, pamoja na waimbaji wake kadhaa, maana Jumamosi ile hawakuwa na mazoezi.

Dakika ya thelathini na tano, chelezo kilisita.

Mwalimu aliinua ufito, nao ukapinda kama upinde. Kilichokuwa chini hakikuwa samaki wa wastani. Kilivuta mshipi hadi gurudumu la kuuzungushia likapiga kelele, kikageuka, kikaruka, na daraja zima likapiga ukelele kwa pamoja, kwani trauti yule alikuwa mrefu kuliko mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kwa dakika sita Mwalimu alimpa uzi na kumnyang'anya. Milimita alisimama majini hadi magotini, wavu mbele, akigeuza kichwa kufuata sauti ya maji.

"Yuko kushoto, Kaka! Kushoto! Taratibu…"

Ikabaki hatua moja. Samaki alitikisa kichwa mara ya mwisho, na ufito ukanyooka. Chelezo kiliruka kikaangukia begani mwa Mwalimu. Dimbwi likatulia kana kwamba halijawahi kuwa na kitu ndani.

Kisha kutoka darajani ikashuka sauti ya mwenye duka la dawa, nzuri na ya taratibu: "Mwalimu! Leo hesabu imekataa?"

Kicheko kilizagaa. Hakikuwa kicheko cha uadui, ni kile cha watu waliobana pumzi kwa muda mrefu. Lakini kilimwingia Mwalimu kama pilipili kwenye kidonda. Alivuta kigwe, akaona ncha yake imejikunja kama mkia wa nguruwe. Uzi haukuwa umekatika. Fundo lilikuwa limeteleza, naye hakujiuliza ni lipi.

Milimita alisogea, akanyoosha mkono, akaipata ile ncha. Akaipitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada, mara moja, kisha mara ya pili. Uso wake ukatulia kwa namna ambayo dada yake hakuielewa wakati ule.

"Pole, Kitinda," alisema. "Tuna dakika ishirini. Lete nifunge upya."

"Usiguse!"

"Kitinda…"

"Nimesema usiguse!" Sauti yake ilipanda, nayo kuta za daraja zikaizidisha mara mbili. "Utafunga nini na macho huna? Wewe ni kipofu, Kaka! Kipofu! Unapapasa tu! Unapapasa nguo za watu, na sasa unapapasa nyuzi zangu!"

Neno lilikwisha kutoka. Hata kabla mwangwi haujafa, Mwalimu alitamani kulirudisha, lakini hapakuwa na pa kulishikia. Juu ya daraja kicheko kilikatika kama kilichozimwa kwa swichi. Mkuu wa kwaya aligeuka akamtazama mwimbaji wa kando yake. Mwenye duka la dawa, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliinamisha kichwa kwenye kikombe chake.

"Sawa," Milimita alisema. Sauti yake haikuwa na hasira. Aliuweka wavu juu ya jiwe. Akainama kutafuta fimbo yake aliyokuwa ameilaza ukingoni, na mkono wake ukagusa jiwe, ukagusa nyasi, ukagusa jiwe tena. Watu wote darajani waliutazama mkono ule ukitafuta. Hakuna aliyeshuka kumsaidia, naye dada yake, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka pale, hakusogea. Hatimaye aliipata, akapanda njia ya kwenda nyumbani.

Mwalimu hakurusha tena. Walishindwa kwa sentimita zilezile kumi na moja.

Jumatatu asubuhi mkuu wa kwaya alifika karakana. Alikuwa na adabu zote. Aliuliza hali, akasifu hali ya hewa, kisha akasema kwamba kamati imeonelea fundi apumzike, na kwamba vitambaa vilivyobaki watavichukua. Jumanne alikuja bibi harusi mmoja na mama yake, wakachukua gauni lililokuwa limefika kiunoni. Jumatano walikuja wengine. Hakuna aliyekagua mshono. Nguo zilikuwa zimeshonwa vilevile kama za mwaka uliopita walizozisifu, lakini sasa kila mmoja aliona, au alidhani ameona, kwamba mkono mmoja umezidi mwingine.

Mwalimu hakujua hayo. Alikuwa akijifungia nyumbani kila alipotoka kazini, akijitetea moyoni kama wakili wa kulipwa. Nimekosea kusema, ndiyo, lakini na yeye amekosea kufunga. Angeniambia mikono imechoka. Na samaki yule! Utetezi huo ulimsaidia kulala hadi Alhamisi, siku aliyoamua kuanika vifaa vyake.

Alikitandaza kigwe mezani. Kwa mazoea ya kazi yake akachukua rula akakipima kuanzia kwenye mshipi. Kipande cha kwanza, fundo, kizima. Kipande cha pili, fundo, kizima. Kipande cha tatu kiliishia kwenye ule mkia wa nguruwe. Alipima tena. Kaka yake alikuwa amefunga mafundo mawili kwenye kigwe kile, na yote mawili yalikuwa pale, madogo, yamekaza, yamekatwa ncha kwa mkasi wa fundi. Kilichokosekana ni kipande cha urefu wa mkono. Kile alichokiunga yeye.

Alikaa. Akakumbuka vidole vilivyokufa ganzi. Akakumbuka mdomo uliokauka kwa wasiwasi, na jinsi alivyolivuta lile fundo bila kulipeleka popote. Kavu. Hesabu ilikuwa ya darasa la pili, kutoa tu, na jibu lilikuwa yeye.

Mtu mwingine angevaa viatu saa ileile. Mwalimu aliona aibu, na aibu ni mlango mzito. Alijiambia atakwenda kesho, kesho ikawa Jumapili, Jumapili ikawa wiki ijayo. Kilichomtoa ni darasa lake mwenyewe. Siku moja alimwita mwanafunzi ubaoni, naye akawa anautafuta ufutio uliokuwa mbele ya macho yake. Mwenzake, mgeni pale shuleni, akapiga kelele kutoka nyuma: "We vipi, umekuwa Fundi Papasa?" Darasa likaangua kicheko.

"Nani huyo Fundi Papasa?" Mwalimu aliuliza.

"Yule fundi kipofu wa barabara ya juu, Mwalimu. Watu wote wanamwita hivyo."

Alasiri hiyo alikwenda. Karakana ilikuwa imefungwa, cherehani zimefunikwa shuka. Alizunguka hadi nyuma, kwenye nyumba, akamkuta wifi yake akikunja nguo.

"Wifi, shikamoo," alisema kwa sauti ndogo.

Wifi yake aliitika "marahaba" bila kuinua kichwa. Alikunja shati moja, akakunja la pili. "Umekuja kuchukua nguo na wewe? Hazipo. Wenzako wamezimaliza."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Yuko ndani. Mimi usiniombe. Mimi nikifungua mdomo leo, nitakuwa kama wewe."

Milimita alikuwa amekaa karibu na dirisha, mikono magotini, mikono isiyo na kazi. Dada yake hakuwahi kuiona hivyo maisha yake yote. Alipiga magoti sakafuni.

"Kaka, lile fundo lilikuwa langu. Niliongeza kipande ulipokwenda kwa mwamuzi. Nililivuta kavu. Nimepima, nimeona. Lilikuwa langu."

"Najua," alisema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu palepale. Niliishika ncha. Uzi uliojichoma una makwaruzo, na mimi sijawahi kuvuta fundo kavu tangu nianze kufunga. Macho yangu mabovu, Kitinda. Vidole vizima."

Mwalimu alimtazama kwa macho yaliyojaa machozi. "Mbona hukusema? Watu wote walikuwa pale! Ungesema tu!"

"Ningesema nini? Kwamba wewe ndiye uliyekosea?" Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka. "Wanafunzi wako walikuwa darajani. Wazazi wao walikuwa darajani. Niliona aibu moja inatosha kwa siku moja. Sikujua bado kwamba yangu itakuwa kubwa namna hii."

Mwalimu alilia hadi kwikwi ikamshika. Kaka yake aliweka mkono juu ya kichwa chake, kama alivyofanya siku waliyomzika mama yao, akamwambia amemsamehe, na alikuwa amemsamehe kweli. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kaka angemfukuza, yeye angekuwa na adhabu ya kulipia kosa lake.

Jioni ya mazoezi ya kwaya, Mwalimu aliingia ukumbini, akaomba ruhusa ya kusema, akasimama mbele ya watu wote. Alieleza kwamba fundo lililoteleza lilikuwa lake, kwamba kaka yake hakukosea hata uzi mmoja, kwamba majoho thelathini aliyoyakata ni ushahidi. Waimbaji walimsikiliza kwa heshima. Alipomaliza, mkuu wa kwaya alikohoa.

"Tumekusikia, Mwalimu, na si rahisi kusimama hivyo. Lakini nikuulize. Ulisema ndugu yetu haoni. Hilo lilikuwa uongo?"

Mwalimu alifungua mdomo. Angesema ni uongo, angekuwa amedanganya. Angesema ni kweli, angekuwa ameisema siri ileile mara ya pili. Alisimama pale kama mwanafunzi aliyekosa hesabu ubaoni, kisha akaaga, akatoka.

Milimita alifanyiwa upasuaji mapema kuliko alivyopanga, kwa kuwa sasa hakuwa na kazi ya kumzuia. Mwalimu ndiye aliyemsindikiza, akakaa naye siku zote za bandeji. Jicho la kushoto lilifunguka kabisa, la kulia nusu. Alipotoka nje ya wodi alisoma kibao cha mlangoni kwa sauti, kisha kingine, kisha bei za vitafunio kwenye kioo cha duka, hadi mkewe, aliyekuja kuwachukua, akamwambia anyamaze, watu wanatazama. Walicheka wote watatu, na kwa muda mfupi ilionekana mambo yote yatarudi mahali pake.

Alifungua karakana tena. Alitundika dirishani shati alilolishona kwa macho mapya, mshono wake ukiwa mzuri pengine kuliko wa zamani. Watu walipita, wakalitazama, wakapeleka vitambaa vyao kwingine. Walikuwa wameshazoea mafundi wengine, na zoea likishaota mizizi halihitaji sababu. Kwake walileta zipu za kubadilisha, pindo za kukunja, vifungo vilivyodondoka. Waliomba kazi hizo ndogo kwa upole, wakasema "ahsante, Papasa," na hawakukusudia ubaya wowote. Siku za mwanzo aliinua kichwa kila aliposikia jina lile. Baadaye aliacha, akawa anaitika.

Mwaka ukazunguka, mashindano yakafika. Mwalimu alikwenda karakana Ijumaa, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Kaka, twende kesho. Safari hii utakiona chelezo mwenyewe."

Milimita aliacha zipu aliyokuwa akiishona. "Kigwe nitakufungia," alisema. "Lete vifaa. Kwenda, siendi."

"Mto umekukosea nini?"

"Mto haujanikosea. Ni lile daraja, Kitinda. Nikilifikiria tu, mkono unaanza kutafuta fimbo."

Akamfungia kigwe hicho, akilowesha kila fundo, akimwuliza kina na urefu kama zamani, ila bila mzaha hata mmoja. Mwalimu alijibu kila swali kwa usahihi, na usahihi wake haukumfurahisha mtu.

Asubuhi alikwenda kujiandikisha. Kanuni ziliruhusu mfungaji asifike mtoni, mradi jina lake liwe kwenye kadi. Mezani alikaa karani mpya wa chama, mama mmoja mchangamfu aliyehamia mjini miezi mitatu tu iliyopita.

"Mrushaji nimekuandika. Mfungaji ni nani?"

"Kaka yangu. Fundi wa cherehani, barabara ya juu."

"Aa, Papasa!" karani alisema kwa furaha, akaliandika jina hilo kwa herufi kubwa, nzuri. "Aliniwekea zipu juzi. Mtu mpole jamani, na mkono wake safi! Hilo ni jina la ukoo wenu?"

Mwalimu aliutazama wino ukikauka. Nyuma yake foleni ilikuwa inasogea, mtu akamgusa kwa ufito akaomba radhi.

"Hapana," alisema. "Mimi ndiye niliyempa."

"Zuri," karani akasema, akagonga mhuri, akamwita anayefuata.

Mwalimu aliichukua kadi, akashuka peke yake kwenye njia ya mtoni. Kidole kikigonga jiwe huvimba siku mbili tatu, kikakandwa, kikapona, mwenyewe akasahau hata ni kipi. Lakini neno lililomtoka yeye mara moja tu lilikuwa limeshaandikwa kwa wino na watu wasiojua lilikotoka. Kwa hakika, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.